Kumsaka Mwenza Hafifu wa Nyota Jirani Ukiwa Moshi: Mwongozo Kamili

Watu wa Moshi wakisikia ninasaka nyota, swali lao la kwanza ni darubini nimeiweka wapi. Sina darubini. Na hata ningekuwa nayo, kuna wiki nzima za masika ambapo Kibo yenyewe haijitokezi, sembuse nyota. Nilicho nacho ni laptopu iliyochoka, bando la usiku na daftari. Kazi ya kutazama imeshafanywa na darubini zilizo juu ya mawingu ya dunia nzima, na vipimo vyake vingi viko wazi kwa yeyote, bila malipo. Kilichobaki ni mtu wa kuvichambua kwa subira.

Kwanza tuelewane tunachokisaka. Nyota nyingi haziishi peke yake. Zimefungwa na mvutano kwa mwenza mmoja au zaidi, na mwenza huyo mara nyingi ni hafifu kiasi kwamba hajulikani. Anaweza kuwa kibete chekundu, yaani nyota ndogo inayowaka kwa ubahili. Anaweza kuwa kibete cheupe, maiti ya nyota iliyomaliza kuni zake. Anaweza kuwa kibete kahawia, chenye uzito wa kama mara 13 hadi 80 wa sayari ya Mshtarii. Hiki hakikuwahi kushika moto sawasawa, kinapoa tu kama kaa lililosahauliwa jikoni. Au anaweza kuwa sayari kubwa.

Anayeanza hudhani ugumu wote ni kuiona nukta hafifu karibu na nyota. Nukta hafifu ziko tele! Ugumu ni kujua ipi ni mwenza na ipi ni mpita njia aliyeko mbali sana nyuma. Simama stendi kuu ya Moshi saa kumi na mbili asubuhi upige picha moja: huwezi kusema nani amekuja na nani. Piga ya pili baada ya muda mfupi, utaona mama na mtoto wamesogea pamoja, upande uleule, kwa kasi ileile, huku waliokuwa wamebanana nao wametawanyika. Mwenza wa nyota hutambulika kwa mwendo. Ukaribu peke yake haukuambii kitu.

Njia hii ina historia Afrika. Mwaka 1915, mwanafalaki Robert Innes akiwa Johannesburg alilinganisha picha za anga za mwaka 1910 na za 1915 kwa chombo kinachozipokezanisha mbele ya jicho. Nukta moja hafifu ilikuwa imehama, na ilihama kwa namna ileile ya Alpha Centauri, ingawa mbinguni iko zaidi ya nyuzi 2 kutoka kwake. Ndiyo tunayoiita Proxima Centauri, nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya Jua, umbali wa miaka ya nuru 4.24 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima). Tutakachofanya hapa ni kazi ya Innes, ila sahani za kioo zimegeuka kuwa majedwali.

Hatua ya kwanza: andaa vifaa, na linda bando

Unahitaji kurasa nne za intaneti. SIMBAD hukupa vitambulisho vya mamilioni ya nyota. VizieR ni ghala la majedwali, na ndani yake mna vipimo vya darubini ya Gaia. Aladin Lite ni ramani ya anga unayoweza kuivuta kwa kidole hata kwenye simu. WiseView hukuchezea picha za darubini ya WISE kama filamu fupi. Mbili za kwanza ni nyepesi sana na zinafunguka hata pale mtandao unapojikongoja. Aladin na WiseView zinakula bando kiasi, basi zifungue usiku.

Ghala la picha za darubini za anga Hubble na James Webb, linaloitwa MAST, liache kwa sasa. Faili la huko linaweza kumaliza bando la wiki kabla hujajua unatafuta nini. Na kila unapopata jedwali, lihifadhi papo hapo. Mimi nilijifunza hilo umeme ulipokatika jioni moja nikiwa na mistari mia mbili niliyoichambua kwa mkono, betri ya laptopu ikiwa ya urembo tu.

Hatua ya pili: chagua nyota kwa akili

Usianze na Alpha Centauri, hata kama inakuvutia kwa kuonekana vizuri kusini mwa Moshi. Nyuma yake kuna umati wa Njia ya Maziwa. Utapata nukta elfu na elfu na kichwa kitauma. Chagua nyota iliyo karibu, tuseme ndani ya miaka ya nuru 33, inayokwenda kasi, na iliyo mbali na ukanda huo wa maziwa.

Mimi huwaanzishia watu na Fomalhaut. Mwishoni mwa Oktoba, kama saa tatu usiku, upe Mlima mgongo, elekeza uso kusini, upande wa TPC, kisha inua macho mpaka karibu theluthi mbili ya njia ya kufika utosini. Nyota angavu iliyokaa pweke pale ndiyo yenyewe. Jina lake ni la Kiarabu, mdomo wa samaki, na waliosoma falaki ya wazee wa pwani wataitambua ile Hutu ndani yake. Iko umbali wa miaka ya nuru 25. Wenza wake wawili walishajulikana, na hiyo ndiyo sababu ya kuanza nayo: unajipima na jibu lililopo kabla ya kwenda kusikojulikana.

Hatua ya tatu: andika kitambulisho chake

Fungua SIMBAD, andika Fomalhaut, kisha nakili vitu vitatu kwenye daftari.

Cha kwanza ni paralaksi. Nyoosha mkono, inua dole gumba, lifumbie jicho moja kisha la pili: gumba linaruka. Dunia inapozunguka Jua, nyota za karibu huruka vivyo hivyo mbele ya zile za mbali. Kipimo chake ni milisekunde ya tao. Nyuzi moja ina sekunde za tao 3600, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde hiyo. Fomalhaut ina paralaksi ya 129.8. Gawanya 1000 kwa namba hiyo upate umbali kwa parseki: 7.7. Zidisha kwa 3.26 upate miaka ya nuru.

Cha pili na cha tatu ni mwendo wake mbinguni, mmoja wa mashariki-magharibi na mmoja wa kaskazini-kusini, kwa milisekunde za tao kwa mwaka. Kwa Fomalhaut ni kama +329 na -165. Alama ya kujumlisha upande wa kwanza ni kuelekea mashariki. Alama ya kutoa upande wa pili ni kuelekea kusini. Namba hizi za Fomalhaut zilitoka kwa Hipparcos, darubini ya Ulaya iliyofanya kazi kuanzia 1989 hadi 1993, kwa sababu nyota angavu mno humshinda Gaia. Mwanga wake unamjaa macho.

Hatua ya nne: pitisha chujio

Gaia ilirushwa Desemba 2013, ikakaa kilometa milioni 1.5 kutoka duniani na kupima anga lote tena na tena mpaka mwanzoni mwa 2025. Toleo lake la tatu, la Juni 2022, lina vyanzo vya mwanga takriban bilioni 1.8. Katikati ya hao ndimo tunamotafuta ndugu wawili.

Ndani ya VizieR, fungua jedwali lenye namba I/355/gaiadr3. Kwenye nafasi ya jina andika Fomalhaut, na nusu kipenyo weka nyuzi 6. Usishangae ukubwa huo. Wenza wa nyota jirani hukaa mbali machoni kwa sababu mfumo wenyewe uko karibu nasi. Kisha kwenye kila safuwima weka mpaka wa chini na wa juu, ukitenganisha kwa nukta mbili (Plx ni paralaksi, pmRA ni mwendo wa mashariki-magharibi, pmDE ni wa kaskazini-kusini):

Plx: 120..140
pmRA: 280..380
pmDE: -220..-110

Kwenye RPlx, inayoonyesha paralaksi imezidi kosa lake mara ngapi, andika >10 ili vipimo vibovu vikae nje. Kumbuka VizieR hukupa mistari 50 tu usipoiongezea, kosa linalowapata wengi wakidhani wamemaliza kumbe ndio wameanza. Kwa chujio hili haitakuathiri, maana itabaki mistari michache mno. Mmoja ni TW Piscis Austrini, nyuzi kama 2 kusini ya Fomalhaut. Mwingine ni LP 876-10, kibete chekundu kilicho karibu nyuzi 6 upande wa kaskazini, ambacho undugu wake na Fomalhaut ulitambuliwa mwaka 2013 tu. Nyota inayojulikana tangu zamani za kale, na mdogo wake alipatikana juzi.

Mbona nimeacha mipaka mipana hivyo? Kwa sababu anga ni mviringo. Nyota mbili zikienda sambamba angani lakini ziko nyuzi kadhaa mbali machoni, vipimo vyao vya kaskazini na mashariki havitalingana sawasawa, kama vile watu wawili wanaokwenda sambamba barabarani, mmoja anakupita mbele na mwingine anakujia. Ukibana chujio mno, LP 876-10 inaweza kukutoka. Kwa wenza walio ndani ya dakika chache za tao (nyuzi moja ina dakika 60 za tao) unaweza kubana zaidi.

Hatua ya tano: piga hesabu ya undugu

Zipo hesabu mbili, zote za kalkuleta ya simu.

Ya kwanza ni umbali kati yao. Chukua pembe kwa sekunde za tao, zidisha kwa umbali kwa parseki, jibu ni mara ngapi umbali wa Dunia na Jua. Kwa LP 876-10, nyuzi 5.67 ni kama sekunde 20,400, mara 7.7 ni takriban 157,000. Hiyo ni miaka ya nuru 2.5, zaidi ya nusu ya safari ya kutoka hapa hadi Proxima. Ni mfumo mpana ajabu, na kitu cha upana huo kimefungwa na mvutano kidogo tu.

Ya pili ni tofauti ya kasi: 4.74 mara tofauti ya mwendo kwa sekunde za tao kwa mwaka, mara umbali kwa parseki. Tofauti ya milisekunde 10 kwa umbali wa Fomalhaut ni 4.74 × 0.01 × 7.7, yaani kama kilometa 0.36 kwa sekunde. Wenza waliotengana sana huzungukana polepole, kwa kawaida chini ya kilometa 1 kwa sekunde. Ukipata kilometa 10, hao hawajafungwa pamoja hata kama sura zinafanana.

Hatua ya sita: wale ambao Gaia haiwaoni

Gaia inatazama mwanga wa kawaida, na vibete kahawia baridi havina mwanga huo wa kutosha. Hapo ndipo WISE inapoingia. Ilirushwa Desemba 2009 ikiwa na kioo cha sentimeta 40 tu, lakini inaona infraredi, yaani joto. Ililazwa usingizi Februari 2011, ikaamshwa mwishoni mwa 2013 kwa jina NEOWISE, ikafanya kazi hadi 2024. Kwa picha zake Kevin Luhman alipata mwaka 2013 vibete kahawia viwili pacha umbali wa miaka ya nuru 6.5 tu, na mwaka uliofuata akapata kingine, WISE 0855−0714, chenye baridi iliyokadiriwa wakati huo kushuka chini ya kiwango cha barafu. Kitu cha ukubwa wa kama Mshtarii, jirani yetu wa nne kwa ukaribu ukihesabu mifumo, kilikuwa kinatupita gizani miaka yote.

Zoezi: fungua WiseView, andika 331.04 -56.78, upana wa picha weka sekunde 300. Hapo ni jirani na Epsilon Indi, nyota iliyo miaka ya nuru kama 12 kutoka kwetu. Acha filamu icheze. Utaona nukta moja inakwenda kushoto na chini wakati zote zimetulia. Ndiyo Epsilon Indi B, vibete kahawia viwili vilivyogunduliwa mwaka 2003, vinavyoonekana hapa kama kimoja. Inakwenda sekunde za tao 4.7 kila mwaka sambamba na nyota mama, hivyo katika miaka 14 ya WISE imesogea zaidi ya dakika moja ya tao. Angalia pia inavyoruka ghafla mahali pamoja: hiyo ni ile miaka darubini ilikuwa imelala.

Kaa na filamu hii mpaka jicho lizoee. Mimi niliitazama na mpwa wangu jioni nzima. Bibi alipopita akauliza tunasaka nini kwenye nyota na migomba ya kihamba haijapaliliwa, tukamwonyesha nukta ile. Akatazama mizunguko miwili, akasema, “Huyo ana haraka.” Ni maelezo mafupi na sahihi kuliko mengi niliyosoma.

Kibete kahawia baridi hujitokeza kwa rangi ya chungwa WiseView, kwa sababu methani ya angahewa yake hula mwanga wa mikroni 3.4 na kuacha ule wa 4.6. Rangi hiyo pamoja na mwendo ndiyo jozi unayoiwinda.

Hatua ya saba: jitilie shaka

Hapa ndipo ninapotaka uchukue muda kuliko mahali pengine pote. Nilipata nukta ya chungwa pembeni ya nyota jirani angavu. Ilisogea! Nikatuma picha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kabla sijalala. Mjomba mmoja akanipongeza kama niliyefaulu mtihani wa taifa. Kesho yake nikaitazama vizuri. Nukta ilikuwa inaruka upande huu, kisha upande ule, kisha inarudi, kila baada ya miezi sita. WISE hupita kila eneo la anga takriban kila miezi sita, mara hii ikichanganua kutoka upande mmoja na mara nyingine kutoka upande wa pili, na mzimu wa mwanga wa nyota angavu hufuata upande huo. Nilikuwa nimegundua mzimu wa darubini. Ilibidi nirudi kwenye kundi kuomba radhi, jambo ambalo ukoo haujalisahau.

Mwendo wa kweli ni mstari mmoja usiorudi nyuma, na mwangaza haubadiliki ovyo. Jiepushe na nukta iliyokaa juu ya mwale wa nyota angavu, au iliyo ndani ya ukungu wake. Fungua Aladin Lite mahali hapohapo, ulinganishe picha za zamani za DSS, zilizotokana na sahani za darubini za ardhini, na za karibuni: kilichosimama palepale miongo yote si mwenza wa nyota inayokimbia.

Usione aibu ukikosea, wakubwa pia yamewakuta. Mwaka 2008 ilitangazwa kuwa Hubble imeona sayari kando ya Fomalhaut hiyohiyo, nukta iliyoonekana pichani na iliyosogea. Ilififia mwaka hadi mwaka, na picha za 2014 hazikuionyesha kabisa. Uchambuzi wa mwaka 2020 ulieleza kuwa yaelekea lilikuwa wingu la vumbi la mgongano, linalotawanyika.

Hatua ya nane: wenza waliobanana na nyota

Ndani ya sekunde chache za tao, majedwali hayakuonyeshi mwenza, lakini yanaweza kukuonyesha athari yake. Mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja gizani huwezi kuiona ndoo, ila mwendo wake umeinama. Mwanafalaki Bessel alisoma kuinama huko kwa Sirius mwaka 1844 akasema ina mwenza asiyeonekana. Alvan Graham Clark akamwona mwaka 1862. Ni kibete cheupe.

Kwa Gaia, tazama safuwima ya RUWE, inayoonyesha vipimo vimelingana vipi na mwendo wa nyota pweke. Nyota pweke iliyopimwa vizuri huwa karibu na 1. Ikipita 1.4, kuna kitu hakikai sawa: huenda mwenza, huenda nyota mbili zimeungana machoni, huenda kipimo kibovu tu. Iandike, usiitangaze.

Kuiona sayari yenyewe ni kazi ya James Webb, yenye kioo cha meta 6.5 na koronagrafu, kizibo kinachofunika nyota ili pembeni pabaki giza. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa imepiga picha sayari ya Epsilon Indi, Epsilon Indi Ab, yenye uzito wa kama mara 6 wa Mshtarii na joto karibu nyuzi 2 za Selsiasi. Kuyumba kwa nyota kulishawaambia ipo. Haikukaa pale walipoitarajia, na ilikuwa nzito kuliko makadirio. Agosti ya mwaka huohuo Webb iliona nukta kando ya Alpha Centauri A. Ilipotazama tena Februari na Aprili 2025, haikuwepo. Huenda imejificha karibu mno na nyota katika mzunguko wake, huenda haikuwa sayari. Bado ni mtuhumiwa.

Hatua ya tisa: ukipata kitu

Weka mahali pake kwenye SIMBAD kwanza, kwani mara nyingi kina jina tayari. Kisha VizieR, utafute katalogi ya Washington ya nyota pacha. Kama pote ni kimya, pitia mradi wa Backyard Worlds: Planet 9 ulioanza 2017 kwenye Zooniverse, ambako watu wa kawaida duniani wanakagua picha za WISE na wanasayansi wanapokea wanaoshukiwa. Mwaka 2020 mradi huo ulitangaza vibete kahawia 95 jirani na Jua. Peleka mahali mbinguni, mwendo ulioukadiria, kiungo cha filamu ya WiseView na sababu zako za shaka. Sababu za shaka ndizo zinazowafanya wakusome hadi mwisho.

Zile za RUWE kubwa zisikuumize kichwa sasa. Toleo la nne la Gaia limepangwa kutoka Desemba 2026 likiwa na vipimo vya kila mara nyota ilipotazamwa, si wastani peke yake. Daftari langu lina nyota kumi na moja zinazolisubiri, kila moja na namba yake ya Gaia, RUWE yake, na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.